Hiyo orodha ya majina ni ya nini?

Najua mlitegemea niandike kuhusu ratiba ya mitihani iliyobadilishwa kwa mara ya tatu, na ninayo ya kusema, ila itasubiri. Kuna tangazo limebandikwa pale ubaoni karibu na kantini tangu wiki iliyopita, na naona watu wanalipita tu kama tangazo la kitambulisho kilichopotea. Mimi limeninyima raha.

Kwa ambao hamjalisoma, linasema hivi kwa kifupi: kuanzia muhula huu, kitengo cha ushauri nasaha kitapeleka kila mwezi kwa ofisi ya mlezi wa wanafunzi orodha ya wanafunzi waliofika na "kuonyesha dalili za hatari", ili ofisi iwafuatilie na pale inapobidi iwajulishe wazazi au wafadhili wao. Sababu iliyotolewa ni usalama. Na nani atapinga usalama? Ndiyo maana jambo hili lilipotajwa kwenye baraza watu walipiga makofi. Jirani yangu wa bloku akaniambia, "Aisee, si bora wajulikane mapema?" Wajulikane na nani, ndugu yangu? Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Niseme mapema nisije nikalishwa maneno. Sisemi kwamba siri ya chumba cha ushauri ni ya kufa nayo. Padri wa Kikatoliki akisikia ungamo hawezi kulitoa nje hata kwa kuokoa maisha ya mtu, na akilitoa kwa makusudi kanisa linamtenga papo hapo. Mshauri nasaha si padri. Ana mipaka yake, inajulikana dunia nzima, na mimi naikubali: mteja akiwa karibu kumdhuru mtu, akiwa karibu kujidhuru mwenyewe, mtoto akiwa ananyanyaswa, mahakama ikitoa amri. Kwa watoto hata sheria yetu iko wazi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuripoti, sembuse mtaalamu. Hayo sina ubishi nayo. Ninachobisha ni orodha.

Kwenye baraza kuna kaka mmoja wa sheria, mwaka wa 3, alisimama akatutajia kesi ya Tarasoff ya Marekani kama vile amemaliza mjadala. Watu wakaguna "mmh", akakaa. Sasa mimi hiyo kesi nimeisoma, na nawaambia wazi kwamba aliitaja kwa upande usio wake. Ngoja niwahadithie vizuri maana inatuhusu sana. Ni kesi ya chuo, ni wanafunzi kama sisi.

Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kijana anaitwa Prosenjit Poddar, ametoka India kusoma uhandisi wa meli. Wanakutana na binti, Tatiana Tarasoff, kwenye masomo ya kucheza ngoma. Yule kijana akaamini kuna mapenzi, binti hana habari hizo. Kijana akaanza kuharibika, masomo yakamshinda, akawa mtu wa kujifungia chumbani. Rafiki yake akamshauri aende kwenye kliniki ya chuo. Akaenda. Huko akawa anaonana na mwanasaikolojia, Dk. Lawrence Moore, na katika mazungumzo akasema atamuua msichana fulani. Hakumtaja jina, lakini kwa maelezo yake haikuwa vigumu kumjua. Msichana mwenyewe wakati huo alikuwa safarini Brazil.

Sasa sikilizeni hapa. Dk. Moore hakukaa na siri. Agosti 1969 aliwaandikia polisi wa chuo wamkamate yule kijana apelekwe hospitali. Polisi wakamchukua, wakaongea naye, wakaona mbona huyu yuko sawa tu, akaahidi atakaa mbali na binti, wakamwachia. Halafu mkuu wa idara ya Dk. Moore akataka ile barua irudishwe na kumbukumbu ziharibiwe, akaagiza asiwekwe tena chini ya uangalizi. Poddar naye akaacha kuja kliniki. Utarudi vipi kwa mtu uliyemwambia ya moyoni halafu polisi wakaja kukugongea? Tena akahamia kuishi chumba kimoja na kaka yake Tatiana. Binti akarudi kutoka Brazil. Hakuna aliyemwambia kitu, wala wazazi wake. Tarehe 27 Oktoba 1969 Poddar alikwenda nyumbani kwao akamuua.

Wazazi wakashtaki. Mahakama Kuu Kabisa ya California ikaamua mwaka 1974, ikaisikiliza tena na kuamua mwaka 1976, kwamba mtaalamu akijua, au kama alipaswa kujua, kuwa mgonjwa wake ni hatari kwa mtu fulani, ana wajibu wa kuchukua hatua za busara kumlinda yule mtu. Inaweza kuwa kumwonya, inaweza kuwa kuwaambia polisi, inaweza kuwa jambo jingine kulingana na hali. Tangu hapo kesi hii inafundishwa kila mahali.

Kwa hiyo kaka yangu wa sheria, siri ya Poddar haikulindwa hadi binti akafa. Ilivunjwa! Ilivunjwa miezi miwili kabla. Ila ilipelekwa ofisini. Ikapita kwenye ofisi moja, ikaenda nyingine, ikapigwa karatasi, ikarudishwa, ikachanwa, na yule mtu mmoja aliyehitaji kuijua akaikosa. Na yule mmoja aliyekuwa anaongea na Poddar akampoteza Poddar. Hiyo ndiyo Berkeley. Ofisi ikajua, mhusika hakujua, mgonjwa akakimbia. Na sisi tunaletewa mpango huo huo, tena wa kila mwezi, halafu tunapiga makofi.

Majaji wenyewe hawakuwa kitu kimoja. Jaji Clark alipinga, na hoja yake ilikuwa kwamba watu wakijua mtaalamu atawasema hawatakuja, na wakija hawatasema ukweli, na matokeo yake hatari itaongezeka badala ya kupungua. Mimi siendi naye hadi mwisho, kwa sababu naamini Tatiana alipaswa kuambiwa. Lakini woga anaousema naujua kwa macho yangu hapa hapa. Tangazo lina wiki moja tu, na tayari nina wenzangu wawili walioniambia hawarudi tena kwenye kile chumba. Mmoja alikuwa ameanza kulala usiku baada ya mwezi mzima wa kukesha akihesabu vigae vya dari. Mwingine sitasema lolote, nikisema tu neno mtamjua.

Maana chuo ni kijiji, jamani. Tusidanganyane. Kile chumba cha ushauri kiko ukuta mmoja na dawati la mikopo. Ukienda utakuta foleni ya watu arobaini wenye shida zao za bumu, wote wamekaa wanakutazama ukigonga mlango wa pili. Ukuta wenyewe ni wa ubao, juu hakuna dari ya maana, mtu akilia ndani foleni yote inajua analia. Mapokezi kuna daftari: jina, namba ya usajili, kozi, mwaka, SABABU YA KUJA. Daftari liko wazi mezani, na kalamu imefungwa kwa kamba. Wewe ukijaza unamwona aliyekutangulia na sababu yake. Nimeshawahi kusikia kwenye grupu la WhatsApp la kozi mtu anaulizwa, "We fulani, naona jana ulikuwa kwa wenye mawazo?" na vicheko kumi chini yake. Hapo orodha bado haijaanza.

Halafu kuna hili ambalo sijui kwa nini hatuliongelei. Mshauri wetu ni mtu mzuri, nasema kwa dhati, wengi wamemshukuru. Lakini Jumatatu anakusikiliza, Alhamisi anakaa kwenye kamati ya nidhamu. Mtu mmoja, viti viwili. Umemwambia Jumatatu kwamba umeanza kunywa sana tangu baba afariki. Alhamisi inaletwa kesi ya fujo hosteli, na jina lako limo. Hata asiposema neno, atasahau? Na wewe utaamini kwamba amesahau? Sehemu zilizo makini mtaalamu haruhusiwi kuwa na uhusiano wa namna mbili na mteja wake, kwa sababu hii hii. Sio kwamba ni mbaya. Ni kwamba hawezi kuwa mlinzi wako na mwendesha mashtaka wako kwa mshahara mmoja.

Mtu atasema hayo ni mawazo tu, chuo hakiwezi kutumia siri za mwanafunzi dhidi yake. Kweli? Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani tena. Mwaka 2014 mwanafunzi mmoja aliripoti kwamba amebakwa na wachezaji wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo. Akawa anakwenda kwenye kituo cha ushauri cha chuo hicho hicho, kama alivyoshauriwa. Januari 2015 akakishtaki chuo kwa jinsi kilivyoshughulikia suala lake. Ikaja kujulikana kwamba faili lake la ushauri limeshachukuliwa na upande wa chuo kwa ajili ya kujitetea, bila idhini yake. Waliopiga kelele ni wafanyakazi wa kituo chenyewe. Chuo kilijitetea kwamba sheria ya kumbukumbu za wanafunzi inaruhusu. Agosti 2015 wakamalizana nje ya mahakama kwa dola 800,000, na mwaka 2016 Wizara ya Elimu ya huko ikaviandikia vyuo kwamba kumbukumbu za tiba za mwanafunzi zisiguswe kwa kesi za namna hiyo bila idhini yake au amri ya mahakama. Hawa ni watu wenye wanasheria kila ghorofa. Sisi wenye daftari la kamba tuna kinga gani?

Nikauliza hilo swali kwa mmoja wa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, akanijibu usiwe na hofu, majina hayatakaa kwenye makaratasi, yatakaa kwenye kompyuta yenye neno la siri. Nikacheka, samahani lakini nilicheka. Ufini kulikuwa na kampuni ya tiba ya mazungumzo, Vastaamo, ina vituo nchi nzima. Kumbukumbu zao ziliibwa mtandaoni. Oktoba 2020 wagonjwa wakaanza kupokea ujumbe mmoja mmoja: lipa euro 200 ndani ya saa 24, la sivyo kila ulichomwambia mtaalamu wako kinawekwa hadharani. Wateja kama 33,000, wengine wakiwa watoto. Aliyefanya hivyo alihukumiwa Aprili 2024 miaka 6 na miezi 3 jela, kampuni ilishafilisika tangu 2021, na yale maandishi hayawezi kurudishwa ndani ya kichwa cha aliyeyasoma. Hiyo ni Ufini, jamani. Kwetu hapa neno la siri la kompyuta ya maabara limeandikwa kwa wino mwekundu ukutani.

Sasa twende kwenye lile zito, maana najua ndilo lililo nyuma ya tangazo. Wote tunajua kwa nini limekuja muhula huu. Tulizika. Sitarudia habari ile hapa, familia bado iko kwenye majonzi na sisi pia. Naelewa kabisa mtu anayesema tungejua mapema tungemsaidia. Mimi mwenyewe nimelisema hilo usiku mwingi. Lakini orodha ndiyo ingetujulisha? Mwenzetu hakuwahi kukanyaga kile chumba hata siku moja. Orodha ya wanaokwenda haiwezi kumpata asiyekwenda. Itakachofanya ni kuongeza idadi ya wasiokwenda, basi.

Na mkumbuke jambo jingine. Kanuni ya Adhabu yetu, tuliyoandikiwa na Mwingereza mwaka 1945, ilikuja na kifungu cha 217 kinachosema kujaribu kujiua ni kosa. Mwingereza mwenyewe kwake alilifuta mwaka 1961. Wakenya walirithi kifungu kama hicho, cha 226 kwao, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kinapingana na Katiba. Kwa hiyo mtu anayemwambia mshauri "nilijaribu mwezi uliopita" anatoa maneno ambayo sheria za namna hii zimeyaita ungamo la kosa. Halafu unataka maneno hayo yaende ofisi inayosimamia nidhamu, yakiwa na jina na namba ya usajili? Kwa usalama wa nani?

Na hao wazazi. Wengi wetu wazazi wetu ni wema, wataacha shamba wapande basi la usiku waje. Lakini kuna ambaye nyumbani ndiko kidonda kilikotoka. Kuna ambaye amekimbia ndoa aliyopangiwa. Kuna ambaye mfadhili wake ni mjomba anayesubiri sababu tu ya kuacha kulipa ada. Sisi ni watu wazima, tunapiga kura, tunasaini mkopo wa mamilioni kwa jina letu wenyewe, iweje siri yetu ipigiwe simu kijijini bila sisi kuulizwa? Ibara ya 16 ya Katiba inazungumzia faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu 1 Mei 2023, imeziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Ningependa aliyeandika lile tangazo atuonyeshe ni kifungu gani alichokitegemea. Sijaona hata kimoja kimetajwa.

Mtaniuliza, sasa wewe unataka nini, mtu akisema anakufa leo mshauri akae kimya? Hapana! Nimeshasema hapana. Ninachotaka ni kwamba siku ya kwanza, kabla sijafungua mdomo, mshauri aniambie kwa Kiswahili cha kueleweka: haya utakayosema yanabaki hapa, isipokuwa moja, mbili, tatu. Dakika mbili tu. Niliwauliza wenzangu sita waliowahi kwenda, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa. Wote walidhani kila kitu ni siri, na wote waligundua mipaka kwa kusoma tangazo la kantini. Huko ni kumfungulia mtu mlango halafu ukamfungia akiwa ndani.

Na ikifika hatua ya kuvunja, mimi niwe wa kwanza kujua. "Ndugu yangu, kwa uliyonieleza leo siwezi kukuacha uende peke yako. Kuna mtu lazima ajue. Tumwambie nani, wewe unamtaka nani?" Pengine ni dada yangu. Pengine ni mwenzangu wa chumba, anayejua dawa ziko wapi na nalala saa ngapi. Aambiwe huyo, na aambiwe kile tu kinachomwezesha kunisaidia, bila historia yangu ya tangu darasa la 4. Mtu akitishiwa maisha, aambiwe mtu huyo. Yaani siri inapotoka itoke kwa mtu anayeweza kufanya kitu usiku huu huu, kwa jina lake. Mlezi wa wanafunzi ana wanafunzi maelfu na gari moja. Akiletewa majina thelathini tarehe 30, yule wa tarehe 2 tumeshamchelewa.

Nchi hii ilishajifunza haya zamani, kwenye UKIMWI. Nyie wadogo hamkumbuki, lakini kaka zetu wanakumbuka enzi ambazo mtu alikuwa tayari afe kuliko kuonekana mlangoni pa kituo cha kupima. Watu walianza kwenda kwa wingi walipoona wanapewa namba badala ya jina, na aliyewapima hatoki na majibu yao kwenda barazani. Sheria ya UKIMWI ya 2008 ikaja kuiweka siri ya majibu ndani ya sheria yenyewe. Hakuna aliyesema tubandike orodha ili jamii iwe salama. Wapo waliotaka, bila shaka, watu wa orodha hawakosekani. Ila hawakusikilizwa.

Nimeandika barua kwa serikali ya wanafunzi, nimeiacha kwa fundi wa fotokopi wa geti la pili, anayetaka kusaini aipitie hapo hadi Ijumaa. Tunaomba orodha ifutwe, mshauri atoke kwenye kamati ya nidhamu, chumba kihamishwe mbali na dawati la mikopo, na mipaka ya siri iandikwe kwenye karatasi moja anayopewa kila anayefika. Najua chumba kitachukua muda, kuna vikao na bajeti. Lakini lile daftari la mapokezi halina bajeti. Linaweza kuondoka kesho asubuhi, na kamba yake.